Siku ya 14 si ya kila mwanamke

Mwanamke wa Mlowo ambaye huu ni mwaka wa pili anatafuta mtoto, mara nyingi ameshaambiwa ahesabu siku 14 tangu hedhi ilipoanza. Hesabu hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Nusu ya kwanza ya mzunguko ndiyo hurefuka na kufupika. Yai likishatoka, hedhi huja baada ya siku 12 hadi 14 hivi. Ogino wa Japani na Knaus wa Austria walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1920.

Kosa la hesabu huingia hadi maabara. Projesteroni ni homoni inayopanda baada ya yai kutoka, na kipimo chake cha damu wengi hukiita cha siku ya 21. Huyu wa siku 35 akitolewa damu siku hiyo, homoni itakuwa bado iko chini. Ataambiwa mayai yake hayapevuki, aanze kumeza klomifeni kwa tatizo ambalo pengine hana. Damu yake ilipaswa kuchukuliwa siku ya 28, wiki moja kabla ya hedhi anayoitarajia. Kiwango kikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Dada, kabla hujanyoosha mkono kutolewa damu, mtajie mtoa huduma mzunguko wako ni wa siku ngapi.

Kipimo hicho huthibitisha yaliyokwisha kutokea. Joto la mwili ni hivyo hivyo: hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 yai likishatoka, na lazima lipimwe kabla ya kutoka kitandani. Kwa mama anayedamka usiku kuwahi gari la Tunduma, leo saa tisa na kesho saa kumi na mbili, chati hiyo haisomeki. Simshauri aihangaikie.

Anayetaka kujua mapema autazame ute wa ukeni. Ukiwa mwepesi, angavu, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku, siku za kushika mimba zimefika, na hilo halina gharama. Vijiti vya mkojo hukamata homoni ya LH, inayopanda siku moja hadi mbili kabla yai halijatoka. Ila mwenye vifuko vingi kwenye ovari anaweza kuona mistari miwili mara kwa mara bila yai lolote kutoka, akamaliza fedha zake bure.

Ultrasaundi huonyesha kifuko cha yai kikikua hadi milimita 20 hivi, kisha kikisinyaa. Lakini hurudiwa siku kadhaa, na nauli ya kwenda na kurudi Mbeya si ndogo. Aliye na hedhi ya kawaida kila mwezi huenda asiihitaji kabisa. Mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano, kwa hiyo kukutana na mume kila baada ya siku mbili kunatosha.

Na yai linaweza kutoka kila mwezi huku mirija imeziba kwa maambukizi ya zamani, au mbegu za mume ni chache. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi sita kwa aliyefikisha miaka 35, mume apimwe mbegu tangu mwanzo, mkewe asiachwe kwenda kliniki peke yake.