Picha ya mchonga vinyago na ile ndogo ya kitambulisho

Mpaka wa Kenya na Tanzania sisi watu wa Pwani tunaujua kwa ncha yake moja, ile inayoanzia mdomo wa mto Umba, kule Vanga. Ncha ya pili wengi wetu hatujaiona. Inafika Ziwa Viktoria, na karibu na mwisho wake, katika kaunti ya Migori, upo mji wa Isebania. Ukishuka hapo kwenye basi la Mwanza, ng'ambo ni Sirari, Tanzania, na Kikuria kinachosemwa huku ndicho kinachosemwa kule. Waingereza na Wajerumani walipokubaliana juu ya mstari huo mwaka 1886, hawakumuuliza Mkuria wala Mdigo.

Sasa chukua mpiga iritungu anayetoka Tarime kuja kupiga harusini Isebania. Iritungu ni ala ya nyuzi nane, ndugu ya nyatiti ya Wajaluo, lakini mzinga wake ni mkubwa na sauti yake ni nzito, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Kwa askari wa mpaka mtu huyu ni mgeni anayehitaji karatasi. Kwa mwenye harusi ni mjomba. Ukimpiga picha, utaandika nini chini yake?

Nauliza kwa sababu vijana wetu siku hizi wana kamera nzuri, na wengi wamependa kupiga picha za mafundi waliokuja na ufundi wa wazee wao kutoka mbali. Kazi hiyo ni njema na naiunga mkono. Lakini hapa kwetu Pwani tuna funzo ambalo Isebania haina, nalo ni la Wamakonde.

Wamakonde wa Kwale asili yao ni kusini, nyanda za juu za Mueda huko Msumbiji, na wenzao wako Newala na Mtwara. Tangu miaka ya 1930 na kuendelea waliletwa, na wengine walikuja wenyewe, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, Ramisi ikiwemo. Baadaye wengine walikimbia vita vya Msumbiji. Walikuja na tezo na patasi. Mtalii akishuka ufuoni Diani alikuta kinyago cha mpingo, alikipenda, akapiga picha mikono iliyokichonga. Picha hizo zilizagaa kwenye kalenda, kadi za posta na kuta za mahoteli.

Miaka yote hiyo mwenye mikono hakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na mtoto wako akimaliza shule hapati kazi ya maana. Sura yake ilikuwa imefika Ulaya, na yeye mwenyewe kusafiri hadi Mombasa ilikuwa ni kubahatisha na polisi.

Mpaka Oktoba 2016. Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona, waliotoka Zimbabwe miaka ya 1960 na wanaojulikana kwa useremala na ususi wa vikapu, walifuata mwaka 2021. Wapemba wetu wa Kilifi na Kwale, wavuvi na mafundi wa madema na ngalawa, walitambuliwa 2023.

Hapa ndipo picha inapoingia, na ndilo jambo nililotaka kulieleza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote, pamoja na kizazi chao, lakini kwa masharti. Mojawapo ni kuwa mtu awe ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Disemba 1963, siku ya uhuru. Utathibitishaje? Mkonge hautoi risiti. Fikiria basi picha ya babu akichonga, nyuma yake imeandikwa kwa wino jina lake, Ramisi, na mwaka 1958. Karatasi hiyo moja ingemsaidia mjukuu mbele ya afisa kuliko maneno ya saa nzima. Lakini picha nyingi za zamani, maelezo yake ni "mchongaji wa Kimakonde", basi. Jina la mnunuzi tunalipata kwenye daftari, la mchongaji halipo.

Si jambo jipya pwani hii. Zaidi ya miaka 100 iliyopita wapigapicha Wagoa wa Unguja, akina Gomes na ndugu wa Coutinho, waliuza kadi za posta za mama zetu kwa maelezo ya "mwanamke wa Kiswahili". Nao walikuwa wahamiaji, lakini majina yao yamo kwenye kadi. Ya mama zetu hayamo.

Nami sijitoi. Kwangu sebuleni ipo picha niliyopiga zamani karibu na Ukunda: mzee amekaa chini ya mwembe, gogo la mpingo kalibana kwa nyayo. Mwanangu aliniuliza, "Baba, huyu nani?" Sikuwa na jibu. Nilikumbuka lensi niliyotumia.

Kwa hiyo kijana mwenye kamera, kwanza kaa. Nunua chai, uliza jina lake lote, la baba yake, na kijiji walikotoka. Uliza jina la kila chombo kwa lugha yake kabla ya Kiswahili, maana tezo la Mmakonde lina jina lake nyumbani. Uliza na nani alimfundisha. Ufundi nao huvuka mipaka: husimuliwa kuwa Mutisya Munge, askari Mkamba wa Vita Vikuu vya Kwanza, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo huko Tanganyika akarudi nao Ukambani, na leo Wakamba wachongaji wamejaa Changamwe.

Mpingo una hila yake. Ni mweusi mno, na kamera ikiuona hudhani ni giza ikaongeza mwanga, ukatoka wa kijivu kama mkaa uliomwagiwa majivu. Punguza mwanga kwa mkono wako mwenyewe, na umkalishe fundi pembeni mwa dirisha au ukingoni mwa kivuli ili nuru ije kutoka ubavuni. Mpingo ambao haujamalizika una ganda jeupe nje na weusi ndani; picha ya hapo, kabla ya msasa, inaeleza kazi kuliko kinyago kilichong'arishwa.

Halafu yapo ya kuacha. Wamakonde wana vinyago vya kuvaa usoni, mapiko, vinavyohusu unyago na jando, na si kila kinachochezwa ni cha kuonyeshwa kila mtu. Kuria nako, msimu wa jando, misafara hupita barabarani na kamera ziko tele. Uso wa mtoto usiuweke mtandaoni. Na wa msichana ndiyo kabisa, kwani ukeketaji umeharamishwa tangu 2011 na picha yako inaweza kumwandama maisha yake yote.

Idhini si adabu tu, ni sheria. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii yenyewe iombwe kabla utamaduni wake haujafanyiwa biashara. Wachongaji wachache wanaijua. Waelezee, hata kama kwa kufanya hivyo unajifungia mlango wa kuwauza.

Na picha ichapishwe, impelekee mwenyewe, nyuma imeandikwa jina, mahali na tarehe. Simu hupotea na kuharibika, bahasha hukaa sandukuni.

Ile yangu nimeitolea nakala mbili. Mwezi ujao nashuka Ukunda nayo, nianze kuulizia pale mwembeni.