Shukrani kwa Bwana Shamba

Juma hili, ndugu msikilizaji, natoa shukrani kwa bwana shamba mmoja mstaafu wa huku kwetu Bariadi. Mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, huitegemea pamba. Anayekusifia shamba baya amekula ada ya watoto wako.

Mzee huyu hasifii ovyo. Alisimama katikati ya pamba ya kaka yangu akamwambia, "Hapa unapalilia nafasi tupu." Kaka alinuna miezi. Mvua za Novemba zilipoanza, mzee yule yule alifika alfajiri na kamba yenye fundo kila sentimita 30, wakapanda pamoja. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kipimo cha zamani cha sentimita 90 kwa 40, eka moja hupata mashimo 11,000 hivi, kwa 60 kwa 30, hupita 22,000. Ardhi ni ile ile.

Baada ya mavuno akarudi kudai masalia yang'olewe na kuchomwa kabla ya Septemba 15. Wapo wanaouita ukorofi wa serikali. Sivyo: wadudu na magonjwa huvuka kiangazi humo, na uvivu wa mmoja huwafikia majirani wote. Mzee alianza kung'oa mwenyewe, na umri ule!

Msimu huu kaka ndiye aliyemfuata nyumbani, amwombe aje kulitazama shamba kabla ya kupanda. Mzee aliuliza tu kama ile kamba bado ipo.