Saratani ya damu isiyo na haraka: Kidonge kila siku, maisha yanaendelea

Usiku wa Februari 7, 2023, jijini Los Angeles, mzee mmoja mrefu aliinuka kitini na kumkabidhi mpira LeBron James. Alikuwa Kareem Abdul-Jabbar, ambaye rekodi yake ya pointi 38,387 katika ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, ilikuwa imevunjwa muda mfupi uliopita.

Jambo ambalo halikuonekana kwenye televisheni ni kwamba mzee huyo, wakati huo akiwa na miaka 75, alikuwa ameishi na saratani ya damu tangu mwishoni mwa mwaka 2008.

Saratani yake ni ile inayokwenda polepole, ambayo madaktari huiita kwa kifupi CML. Huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, pale chembe moja inapopata hitilafu na kuanza kuzalisha chembe nyeupe bila kikomo. Kwa kawaida mtu mzima huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika tone dogo la damu linalopimwa. Mgonjwa wa CML anaweza kuwa na zaidi ya 100,000.

Dalili zinazodanganya

Uchovu, kupungua uzito, jasho la usiku na tumbo kujaa upande wa kushoto kwa sababu ya bandama kuvimba. Ni rahisi kudhani ni malaria au taifodi, ukanywa dawa na kurudi shambani au kazini. Kipimo cha picha kamili ya damu ndicho huwa cha kwanza kuonyesha kuna tatizo, kisha hufuata kipimo cha vinasaba cha kuthibitisha.

Kabla ya mwaka 2001, wengi waliogundulika waliishi miaka michache tu. Mwaka huo Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge kinachozima kile kinachoziamuru chembe hizo kuzaliana. Leo anayekitumia vizuri anaweza kuishi miaka inayokaribiana na ya mtu asiye na ugonjwa huo. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo wagonjwa wamepata dawa hiyo bure kupitia programu ya msaada.

Hatari ya kujisikia mzima

Hapa ndipo familia inapohitajika. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa hurudiwa na nguvu, na kishawishi cha kuacha dawa huja. Macho yamevimba asubuhi, misuli inakaza, kichefuchefu kinasumbua. Anaruka siku moja, halafu nyingine. Kuruka vidonge 3 kwa mwezi ni sawa na kupoteza sehemu ya kumi ya dozi, na utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanaofikia kiwango hicho cha kuruka hudhibiti ugonjwa vibaya zaidi kuliko wenzao.

Yanayosaidia ni madogo. Kidonge kinywewe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, saa ileile kila siku. Kengele ya simu iwekwe, na mwenzi aulize bila kukaripia. Dawa za mitishamba zisichanganywe bila daktari kujua, na balungi liepukwe. Mama anayetaka kupata ujauzito azungumze na daktari kwanza, kwani dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kimyakimya.

Watoto waambiwe nini?

Watoto huona. Wakifichwa, hujitungia hadithi ya kutisha zaidi. Inatosha kuwaambia kwamba baba au mama ana ugonjwa wa damu, hauambukizi, haukusababishwa na kosa la mtu yeyote, na kuna dawa ya kila siku. CML hairithiwi kutoka kwa mzazi, hivyo hofu kwamba na wao wataipata kwa njia hiyo inaweza kuondolewa mapema.

Matumaini, basi, hayamaanishi kujilazimisha kucheka. Ipo siku ya kulia, hasa usiku wa kuamkia kliniki, na anayeambiwa "usiwaze" kila anapofungua mdomo hujifunza kunyamaza. Asikilizwe kwanza. Asubuhi asindikizwe kliniki, na akirudi akute ada ya shule bado inapangwa, na mahindi bado yanasubiri kupaliliwa naye.