Kutoonekana si kutokuwepo: Sayansi ya protini kwa Kiswahili

MGONJWA wa Laini Saba, Kibra, akiambiwa kliniki kwamba virusi vyake vya HIV “havionekani” tena kwenye kipimo, ana haki ya kuuliza: basi mbona niendelee kumeza dawa kila siku? Jibu la “daktari amesema” halitoshi. Jibu kamili lipo, ila limefungiwa katika Kiingereza cha maabara. Hoja yangu leo ni kwamba Kiswahili kinaweza kulibeba jibu hilo lote, na kwamba tusipolibeba, kuna watakaoacha dawa.

Tuanze na istilahi. Protini tumeizoea jikoni, kwenye maharagwe na mayai. Ndani ya seli, hata hivyo, protini ni vibarua: hukata, hubeba, huunganisha. Asidi za kiini ni DNA na RNA, zinazohifadhi na kupitisha maagizo ya uhai. DNA ndiyo ambayo Watanzania huiita vinasaba, na baadhi yetu Wakenya msimbojeni. Uhai hutegemea vibarua hao kuyashika maagizo hayo mahali panapofaa na kwa wakati ufaao.

Je, wanasayansi hujuaje kwamba protini fulani imeshika DNA, ilhali zote mbili ni ndogo mno kwa hadubini ya kawaida?

Hebu fikiria mtungi wa lita 20 uliojaa maji ya matope. Ukiuacha utulie, mchanga huzama upesi, lakini udongo laini huelea hadi kesho yake. Sasa tia shabu kidogo, ukoroge. Chembe za udongo hushikana, zikawa mabonge, na maji yakatakata baada ya muda mfupi. Hukuziona zikishikana. Umejua tu kwa kuwa zimezama haraka. Kanuni ndiyo hiyo.

Protini, lakini, ni ndogo kuliko udongo; molekuli za maji huzigonga huku na kule zisizame. Ndiposa katika miaka ya 1920 mwanakemia wa Uswidi, The Svedberg, alibuni mashine ya kuzungusha vimiminika kwa kasi kubwa mno huku mtafiti akifuatilia kinachozama ndani yake. Mwaka 1926 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mashine za leo hufikia mizunguko 60,000 kwa dakika. Mwanga wa urujuanimno hupitishwa kwenye kimiminika hicho: DNA hufyonza zaidi ule wa nanomita 260, nayo protini ule wa 280, hivyo mtafiti hujua ni nani anayezama. DNA peke yake ina mwendo wake, protini nayo ina wake. Zikizama pamoja, kwa mwendo mpya wa kasi zaidi, zimeshikana.

Mwendo huo hupimwa kwa svedbergi, au S. Usikimbilie kujumlisha, msomaji! Ribosomu ya seli zetu ina vipande viwili, cha 60S na cha 40S, lakini vikiungana hupatikana 80S, si 100S. Uzito umejumlika, ndiyo, ila bonge kubwa pia husuguana zaidi na maji.

Sasa tumjibu mgonjwa. HIV huingia katika seli ikiwa na RNA, ikainakili kuwa DNA. Kisha protini yake iitwayo integresi huishika DNA hiyo na kuishonea kwenye DNA ya mtu. Uzungushaji wa aina hii ni miongoni mwa mbinu zilizoonyesha kwamba molekuli za integresi hujikusanya mbili mbili na nne nne. Dawa ya dolutegravir, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2017, hujipachika pale integresi iliposhikana na DNA ya virusi. Inalenga maungio, na hapo ushonaji hukwama.

Lakini dawa huzuia ushonaji mpya. Haifumui kilichokwisha kushonwa. Seli chache zilizoshonewa zamani hulala kimya kwa miaka. Ukiacha dawa, huamka, na virusi vikazaana upya.

Hapa ndipo sarufi inapookoa maisha. “Onekana” ni kitenzi cha kauli ya kutendeka: hueleza kama jicho linaweza kukiona kitu, si kama kitu kipo. Julai jijini Nairobi jua huweza kukosa kuonekana kutwa nzima, na hakuna anayesema limekufa. Virusi “visivyoonekana” ni vichache mno katika damu hata kipimo hakivinasi. Hii ni habari njema sana, kwa kuwa anayedumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kupitia ngono. Ila si kupona.

Kutoka Laini Saba hadi makao makuu ya KEMRI, kando ya barabara ya Mbagathi, ni mwendo wa miguu. Umbali mkubwa ni wa lugha. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ati hatuna istilahi? Tunazo, ila tumeziacha rafuni. Wahudumu wa kliniki wanaweza kuanza na sentensi moja tu: “Virusi havionekani, lakini vipo, vimelala, dawa ndiyo inayovizuia kuenea.” Mgonjwa anayeielewa hiyo hatahitaji kusukumwa ameze dawa.