Je, Wajua? Kompyuta na Maadui Zake

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za PC kilikuja na anwani ya waliokitengeneza? Mwaka 1986, ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, walitengeneza Brain na kuandika humo majina yao, mahali duka lilipo na namba za simu. Kisa? Walitaka kuwabana wanaonakili programu yao bila kulipa. Simu zikaanza kulia kutoka ng'ambo!

Unadhani kuteka faili na kudai pesa ni mambo ya juzi? Mwaka 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta, ati zina habari za UKIMWI. Ukishaiwasha kompyuta mara 90, faili zinafichwa, na kioo kinakutaka upeleke dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Fidia kwa stempu, jamani!

Na barua ya mapenzi je? Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha "nakupenda" ilizunguka dunia na kuangusha mamilioni ya kompyuta. Aliyeiandika alikuwa kijana wa Ufilipino. Alifungwa miaka mingapi? Sifuri! Nchi yake haikuwa na sheria ya kumtia hatiani. Ilipitishwa mwezi uliofuata, maji yameshamwagika.

Haya, shika kalamu. Nywila ya herufi ndogo 8 ina michanganyiko kama bilioni 209, na kompyuta ya mdukuzi haitoki jasho. Ongeza herufi 4 tu: kazi yake inakuwa kubwa mara 456,976! Sasa unga maneno manne yasiyojuana, tuseme kobesufuriajumatanoreli. Herufi 23, na hata bibi anaikumbuka. (Hii usiitumie, nimeshaitangaza.)

Wewe ukiokota flashi njiani unafanya nini? Watafiti walidondosha flashi 297 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Ya kwanza ilichomekwa kabla ya dakika 6 kwisha! Karibu nusu zilifunguliwa na waliookota.

Usicheke. Wewe mwenyewe umepeleka flashi steshenari kuchapisha barua ya kazi, ukarudi nyumbani ukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato ya KB 1. Je, wajua kwamba mara nyingi faili zako ziko palepale, zimefichwa tu? Ukibonyeza ile njia ya mkato, ndipo unapomkaribisha mgeni ndani.

Sasa sogea karibu, maana hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, unaijua. Kontena zake zinapita Mombasa na Dar es Salaam. Juni 2017 kirusi NotPetya kiliifagia: seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika. Kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake, kwa hiyo zikafa pamoja! Ikabaki moja tu duniani, nchini Ghana. Iliokolewa na nini? Umeme ulikatika! Ilikuwa imezimika kabla kirusi hakijapita.

Kuirusha data yake kwa intaneti hadi Uingereza, ilikosubiriwa, kungechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege na diski mkononi hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaifikisha London. Kampuni ikasimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10! Wewe na kiduka chako usingoje umeme ukatike: nakili daftari la mauzo kwenye diski ya nje, kisha ichomoe.

Mwezi mmoja kabla ya NotPetya, kirusi kingine, WannaCry, kilikuwa kimeshika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi. Je, wajua dawa yake ilitoka lini? Machi 14, karibu miezi miwili kabla! Microsoft iliigawa bure. Watu hawakusasisha.

Na tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena masasisho yake ya kawaida ya usalama. Ya kwako ni ipi? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Itakwambia sasa hivi.