Kwa Nini Piko Iliwasha Mara ya Pili

 

Juzi mama mmoja alimleta zahanati bintiye wa miaka 7. Mikono ilikuwa na malengelenge yaliyofuata maua ya piko aliyopakwa siku 2 kabla, kwa ajili ya arusi. Mama akaniambia, "Lakini sista, Idd iliyopita alipakwa piko hii hii na hakuwashwa!" Nikamjibu kwamba huenda ni Idd hiyo ndipo mambo yalipoanzia.

Ngozi hudhurika kwa kuguswa na vitu kwa njia mbili, na kwa macho hufanana sana.

Ya kwanza ni kuchomwa. Ukifua kutwa kwa sabuni ya unga au dawa ya kutoa madoa, mafuta ya ngozi huisha na seli za juu huumia. Seli hizo hutoa kemikali za kuita msaada, kama mtu anayepiga kamsa. Damu hukimbilia hapo, mkono unauma na kupasuka. Hili laweza kumpata yeyote, hata mara ya kwanza. Mtoto anayekaa na nepi chafu huumia hivyo hivyo.

Ya pili ni aleji. Piko nyeusi mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Ikipenya ngozini, seli za ulinzi huichukua na kuipeleka kwenye matezi, kama yale ya kwapani, wakaionyeshe kwa askari wa mwili. Askari hujifunza kuitambua kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi, na wewe huoni lolote. Kisha hubaki wakingoja, hata miaka mingi. PPD ikirudi, huitana, na baada ya siku 1 hadi 3 ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge. Kwa kuchelewa huko, wengi hulaumu pilau ya arusi!

Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu tu. Tazama pia weusi uliozidi, joto na uvimbe.

Ikitokea, osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Usipasue malengelenge, wala usipake dawa ya meno. Njoo kliniki upewe krimu inayofaa. Tembe za kawaida za aleji hazisaidii sana hapa, kwa sababu kazi hii ni ya askari wale. Uso ukivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitalini.

Hina ya majani, ile nyekundu isiyochanganywa na kitu, ni nadra kuleta shida. Lakini binti aliyewahi kuumizwa na piko nyeusi asipakwe tena, na akikua ajihadhari na rangi za nywele, maana kichwa na uso vyaweza kuvimba vibaya. Amwambie msusi kabla chupa haijafunguliwa.