Kujifunza kati ya watu: wanafunzi wa pisikolojia wanafundishwaje?

Pisikolojia ni elimu inayochunguza moyo na akili ya mtu: namna anavyofikiri, anavyoogopa, anavyopenda, anavyobadilika. Wengi wanafikiri kwamba elimu hii inapatikana katika vitabu na mitihani tu. Sivyo. Universite nyingi zinatuma wanafunzi wao kati ya watu: hospitalini, gerezani, shuleni, katika nyumba za mafukara. Hapa Kongo tunaiita staji, na wanafunzi wa fakulte ya pisikolojia ya Kisangani wanaijua vema.

Sababu yake ni wazi. Aliyesoma vitabu vyote juu ya huzuni hajajua bado kukaa robo saa karibu na mtu mwenye huzuni. Atasema upesi mno, atatoa shauri mbele ya kusikiliza, atakimbia machozi. Mambo hayo hayafundishwi ubaoni.

Lakini kuna jambo la pili ambalo mara nyingi linasahauliwa. Mwanafunzi anapojifunza kati ya watu, watu hao ni nini kwake? Je, ni daftari la mazoezi? Akikosea katika daftari, anafuta. Akikosea katika maisha ya kijana, nani atafuta? Kwa hiyo tunataka kueleza namna desturi hii ilivyoanza, kiisha masharti yanayoifanya kuwa ya faida kwa mwanafunzi na kwa yule anayesaidiwa vilevile.

1. Mwanzo wa desturi hii

Waganga walitangulia. Tangu zamani kijana anayesomea uganga anafuata mwalimu wake toka kitanda hata kitanda, anaona, anagusa, anaulizwa. Mjini Boston, katika Marekani, alikuwako mganga mmoja, Richard Cabot. Yeye aliona kwamba dawa peke yake haimponyi mgonjwa asiye na chakula nyumbani. Basi mwaka 1905, katika hospitali kubwa ya mji ule, alianzisha kazi ya wasaidizi wa kuchunguza maisha ya wagonjwa kwao. Mwaka 1925 aliandika kwamba hata wanafunzi wa teolojia wapewe mwaka mmoja wa kufundishwa karibu na wagonjwa, kama waganga wanavyofundishwa.

Mwaka ule ule Anton Boisen, mchungaji wa Kiprotestanti, aliwapokea wanafunzi wachache wa teolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester. Mchana walifanya kazi ya watumishi wa hospitali. Kiisha walikusanyika kuzungumza juu ya mambo waliyoyaona. Boisen mwenyewe alipata kulala katika hospitali ya namna hii, naye mgonjwa. Alisema kwamba wagonjwa ni vitabu vyenye uhai, navyo vinastahili kusomwa kwa uangalifu uleule kama vitabu vya maktaba.

Wanafunzi wa universite walifuata. Mwaka 1954 wale wa Harvard walianza kuwatembelea kwa taratibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Waltham, wengi wao watu waliosahauliwa na jamaa zao. Kiisha, mwezi wa Mei 1965, walimu wa pisikolojia walikutana Swampscott, karibu na Boston. Walikubali kwamba mwenye elimu hii asingoje watu ofisini mwake tu. Shurti aingie katika maisha ya mtaa, ashiriki, na papo hapo afikiri juu ya yale anayoshiriki. Shika maneno hayo mawili, ndugu msomaji: kushiriki na kufikiri. Mwenye kushiriki bila kufikiri anachoka bure; mwenye kufikiri bila kushiriki anaota ndoto.

2. Nia njema haitoshi

Sasa tusikie habari ya kutisha kidogo. Cabot yule yule alitaka kuwasaidia wavulana wa miji ya Cambridge na Somerville, karibu na Boston, wasiingie katika wizi na ugomvi. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1939, mwaka aliokufa, ikaendelea mpaka 1945. Wavulana walipangwa wawili wawili, wenye umri na maisha ya kufanana. Sarafu ilirushwa: mmoja akapewa mshauri, mwenzake akaachwa aishi kama kawaida. Mshauri alimtembelea mtoto nyumbani, akazungumza na wazazi, akamsaidia katika masomo, akamtafutia mganga, pengine akampeleka kambini wakati wa likizo. Waliobaki katika hesabu walikuwa 506, ndio jozi 253. Kila aliyesaidiwa alisaidiwa miaka mitano, kwa kadiri.

Nani hatasifu kazi ya namna hii? Lakini miaka 30 ilipopita, bibi mmoja mwenye elimu, Joan McCord, aliwatafuta wale wavulana, ambao sasa walikuwa watu wazima. Mwaka 1978 alitangaza alichokiona. Wengi wa waliosaidiwa walisema kwamba msaada ule uliwafaa, tena waliwakumbuka washauri wao kwa shukrani. Lakini hesabu ilisema neno lingine. Waliosaidiwa hawakuwapita wenzao kwa wema hata kidogo. Katika mambo mengine walikuwa wabaya kuliko wao: waliorudia makosa walikuwa wengi zaidi, wenye dalili za ulevi vilevile, na waliokufa walikufa mapema zaidi. Baadaye McCord alichunguza tena, akaona kwamba madhara yalionekana hasa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Wachunguzi wanafikiri kwamba wavulana wenye tabia ngumu, wakikusanywa pamoja, wanafundishana ubaya na kusifiana kwa ajili yake.

Tufahamu vema maana ya habari hii. Haisemi kwamba tusiwasaidie vijana. Inasema kwamba nia njema si ushuhuda wa faida. Wala shukrani ya msaidiwa si ushuhuda: mtu anaweza kumpenda mgeni wake, na huku ule ugeni ukamharibu. Kama washauri watu wazima waliweza kudhuru bila kujua, tuseme nini juu ya mwanafunzi mwenye miaka 20?

3. Mfano wa Michigan

Hata hivyo uko mfano unaotia moyo. Katika miaka ya 1970 wachunguzi wa universite ya Illinois, kati yao William Davidson, walianza kuwatumia wanafunzi wa pisikolojia kuwasaidia vijana waliokamatwa na polisi. Mwaka 1976 kazi ilihamia Michigan State University, kwa mapatano na tribinali ya watoto ya wilaya ya Ingham. Kijana aliyekosa, badala ya kupita mbele ya hakimu na kuandikwa kuwa mhalifu, anakabiziwa mwanafunzi mmoja.

Tazama taratibu yake. Kwanza, mwanafunzi hatumwi siku ya kwanza. Anafundishwa majuma 8, anaulizwa kwa kinywa na kwa maandiko, mpaka anaijua kazi. Kiisha anapewa kijana mmoja tu. Anakaa naye saa 6 mpaka 8 kila juma, kwa majuma 18. Hamwiti ofisini, anamfuata nyumbani, shuleni, mtaani.

Kazi yake ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mapatano kati ya kijana na wazazi. Kwa mfano: kijana akirudi nyumbani saa iliyokubaliwa, baba atamruhusu kwenda kucheza mpira siku ya posho. Mapatano yanaandikwa, na kila upande una deni lake. Namna ya pili ni kumtetea kijana: kumtafutia nafasi shuleni alikofukuzwa, kumwonyesha mlango wa kazi, kuongea na mwalimu anayemzarau. Katika majuma 12 ya kwanza mwanafunzi anafanya mambo hayo pamoja naye. Katika 6 ya mwisho anarudi nyuma kidogo kidogo, akimfundisha kijana kujitetea mwenyewe. Hivyo siku ya kuagana haimwangushi kijana gafula.

Tena kila juma wanafunzi wachache wanakusanyika na waangalizi wao kwa muda wa saa mbili na zaidi. Kila mmoja anaeleza: nilifanya nini, kijana alijibu nini, nitafanya nini juma linalokuja. Hakuna anayejificha.

Walimu wale hawakuridhika na kusifiwa. Walifanya kama ilivyofanywa Cambridge: kwa kura, vijana wengine walipewa wanafunzi, wengine walipita katika njia ya kawaida ya tribinali. Kiisha walihesabu makosa yaliyofuata. Waliopewa wanafunzi walirudia makosa kidogo kuliko wenzao.

Lakini kuna jambo moja zaidi, nalo ni la kuwekwa moyoni. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1987, kundi moja la wasaidizi lilifundishwa na kuangaliwa na watumishi wa tribinali yenyewe, siyo na walimu wa universite. Kazi ilikuwa ileile kwa jina, faida haikuonekana. Kwa nini? Inaonekana kwamba msaidizi anayelelewa ndani ya tribinali anaanza kuona kama tribinali inavyoona: mbele yake hakuna tena kijana mwenye uwezo, bali kesi yenye namba. Kumbe, mahali mwanafunzi anapoangaliwa ndipo macho yake yanapofanyizwa.

4. Masharti manne

Katika habari hizi tunaweza kutoa masharti manne.

La kwanza, maandalio. Kumtuma mwanafunzi bila kumfundisha ni kumzarau anayetumiwa.

La pili, mtu mmoja na muda unaojulikana. Kutembelea watu 40 kwa saa moja kunamfundisha mwanafunzi kusalimu tu. Kukaa na mmoja kwa majuma mengi kunamfundisha kusikiliza. Lakini shurti siku ya mwisho ijulikane tangu mwanzo, na kuachana kuandaliwe.

La tatu, mwangalizi wa kila juma. Mambo yaliyoonwa yasipozungumzwa yanakuwa habari za kujivunia au mzigo wa siri. Yakizungumzwa mbele ya mwenye uzoefu, yanakuwa elimu. Papo hapo siri ya msaidiwa ilindwe: jina lake lisitoke nje ya mkutano ule.

La nne, hesabu ya kweli. Tusiulize tu: «Mlifurahi?» Tuulize: kijana yuko shuleni? Amekamatwa tena? Mama yake analala usingizi? Na kama jibu ni baya, tubadili njia, hata kama njia ile tunaipenda.

5. Na sisi?

Wanafunzi wa pisikolojia si peke yao wanaotumwa kati ya watu. Seminari zetu zinatuma mafratri gerezani na hospitalini. Parokia zinatuma makatekista vijana kwa watoto wa barabarani. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitaka malezi ya mapadri yatumie vema misaada ya pisikolojia na elimu ya kulea. Basi tusichukue jina la elimu hiyo tu. Tuchukue na masharti yake.

Feza nyingi hazihitajiwi. Mkubwa wa seminari anaweza kuchagua vijana wachache na fratri wachache, kila fratri na mtu wake. Anaweza kutenga saa mbili za kila alhamisi jioni kwa ajili ya mazungumzo. Anaweza kuandika katika daftari moja hali ya kila kijana siku ya kwanza na siku ya mwisho, na tena nyuma ya mwaka mmoja. Daftari hilo litamfundisha mambo ambayo barua mia za shukrani haziwezi kumwambia.

Anayetaka kuanza, aanze na mtu mmoja. Na mbele ya kumtuma fratri yeyote, ajiulize: nani atamsikiliza fratri huyu juma kesho, na nani atakwenda kumwuliza yule kijana kama amefaidiwa?